Kijiji Kisichokuwa na Fundi

Kila asubuhi, kabla ya kushika njia ya shule, Bintu aliutoa mwiko wa baba yake uvunguni mwa kitanda, akaupaka tone la mafuta ya mawese, akaufuta kwa kitambaa na kuurudisha. Haukuwa mwiko wa kusongea bugali. Ulikuwa wa chuma, mwiko wa fundi wa kujenga, na ulilala pale tangu vita vya pili vianze, maana nani angejenga nyumba huku wengine wanazichoma? "Chuma kisichofanya kazi kinajila chenyewe," baba yake, Papa Mushagalusa, alizoea kusema. "Ukipake mafuta, kitatungoja." Yeye alishuka Kavumu kupalilia mashamba ya watu, kibarua cha siku kwa siku, na akirudi alinyamaza kama mtu aliyeazima mikono ya mwingine.

Bintu alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu wake, Maman Eulalie, ambaye hakuona haya kulikiri hilo mbele ya wazazi. Shule yenyewe ilibaki msingi tu. Askari walikuja wakabeba mabati, wengine wakaja wakabeba mbao, na waliokuja mwisho walikasirika kwa kutokuta kitu. Watoto walisomea kanisani.

Basi Jumatatu moja akaja Bwana Honoré, mtu wa shirika lenye ofisi Nyalukemba, mjini Bukavu. Alitaka kuandika nani kijijini anajua kazi gani, na nani anahitaji kufundishwa. Mwenzake alikuwa amezuiwa kwenye bariyeri ya askari, kwa hiyo akaomba mwanafunzi wa kumwandikia. Maman Eulalie akamsukuma Bintu mbele.

Lakini habari zilikuwa zimemtangulia. Kwenye njia panda Maman Emérence alikaanga mandazi, na aliyenunua moja aliondoka na maneno matatu juu yake. Alisema amesikia kwa mtu aliyesikia kwa dereva: mwenye kazi yake hatachukuliwa kwenye mafunzo. Atakayechukuliwa atakula maharagwe yenye mafuta kila mchana, mwezi mzima, na mwishoni atapewa cheti chenye muhuri, breve kabisa.

Ungeiona foleni ile ungecheka, kisha ungelia. Marcellin, aliyetengeneza baiskeli za watu wote mpaka Kavumu, alifika mikono imejaa grisi hadi viwikoni, akasema hajawahi kushika spana. Mshonaji alikana kushona, na utepe wa kupimia ungali shingoni. Mkunga naye akaapa hajui kuzalisha, wakati nusu ya foleni ilitua duniani mikononi mwake. Watu walibana vicheko. Bwana Honoré aliitazama saa yake zaidi kuliko alivyowatazama watu. Na Bintu aliandika: hana kazi, hana kazi, hana kazi.

Foleni ilipoisha, baba yake alikuwa bado shambani.

"Na papa yako?" Honoré akauliza bila kuinua kichwa. "Anajua kazi gani?"

Bintu aliufikiria mwiko. Akayafikiria maharagwe, na mbavu za baba yake alipovua shati kunawa. "Hakuna kazi anajua," akasema, na akaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Mafunzo yalikuwa ya kutengeneza sabuni. Mwezi mzima watu thelathini na mmoja walikoroga mafuta na soda, wakala maharagwe, wakapewa breve. Kisha kila nyumba ikawa na sabuni ya kuuza, na hapakuwa na nyumba ya kuinunua. Papa Mushagalusa naye alikwenda, akidhani wameitwa wote. Breve yake aliibandika ukutani, akasema sasa familia itakula povu.

Kiangazi kilipoanza, lori likapanda kutoka Bukavu na saruji, mabati na mafundi saba. Shirika lilikuwa limeamua kuijenga shule. Papa Mushagalusa aliposikia, hakumaliza uji. Aliuvuta mwiko uvunguni, akavaa shati lake la misa, akateremka karibu anakimbia. Bintu akamfuata.

Msimamizi wa mafundi, Ulrich, hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza akisema yeye ni fundi wa kujenga, kisha akafungua faili. "Muzee, ningependa kukusaidia. Lakini tumeletwa kutoka mjini kwa sababu karatasi inasema huku hakuna fundi hata moja. Na wewe, angalia. Mushagalusa, hana kazi. Iko hapa."

Baba akainama asome. Hakuyasoma maneno tu. Aliitambua ile M yenye mkia, ambayo yeye mwenyewe alimfundisha Bintu kuichora kwa kijiti udongoni. Akageuka, akamtazama binti yake. Kisha akauficha mwiko ndani ya shati.

"Kazi ya kubeba mawe iko?" akauliza.

Ilikuwapo.

Hakumkaripia, na hilo ndilo lililouma. Siku nne alibeba mawe kutoka mtoni, akiwapelekea vijana ambao angeweza kuwafundisha. Jirani mmoja akamtania: "Papa Sabuni, mawe hayo unaenda kuyaosha?" Watu wakacheka, naye akacheka nao, kicheko kikavu. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba kazi ya mawe ikiisha atakwenda machimboni, kule msituni. Mama akaacha kuchambua mboga za lengalenga. Mwaka ule wanaume wanne wa kijiji walikuwa wamekwenda machimboni. Alirudi mmoja.

Ijumaa, watoto walipotoka kanisani, Bwana Honoré alikuwa amekuja kukagua. Bintu akipita alimsikia Ulrich akimweleza kwamba hawakuhitaji kuchimba msingi upya. Ule wa zamani haukuwa na ufa. Hata bomu lililoanguka uani halikuutikisa. "Mutu aliyeweka huu," Ulrich akasema, akiupiga kwa kiatu, "kama iko hai, ningemupa kuta zote."

Hatua kumi kutoka hapo, Papa Mushagalusa alitua jiwe lake, akanyoosha mgongo, akageuka kwenda kuchukua jingine.

Bintu akawaendea wale wawili.

"Papa Honoré," akasema, "aliyeuweka ndiye anawabebea mawe. Ni papa yangu. Mimi ndiye niliandika hana kazi. Yeye hakunituma. Nilidanganya kwa sababu ya maharagwe."

Honoré aliifungua orodha, akaipitia, safari hii polepole. Akauliza kama na wale wengine walikuwa hivyo hivyo. Bintu akaitikia kwa kichwa. "Yule wa baiskeli karibu achafue karatasi yangu kwa grisi," Honoré akasema, kama anajiambia mwenyewe, "na sikuinua kichwa."

Lakini mikataba ilikwisha kutiwa saini Nyalukemba. Mafundi saba hawangefukuzwa, na hakuna aliyerudishiwa mwezi wake wa sabuni. Kilibaki chumba kimoja, cha mwisho, na Ulrich akasema hicho ni cha muzee. Marcellin, mshonaji na mkunga hawakupata kitu. Maman Emérence akatangaza njia panda kwamba mtoto wa Mushagalusa amekiuza kijiji ili baba yake apate. Nani aliianzisha habari ya maharagwe, hilo hakulikumbuka.

Jioni ile Papa Mushagalusa alirudi ameushika mwiko mkononi, mbele ya watu wote, saruji imekauka juu yake. Akaketi mlangoni, akamwita Bintu.

"Papa, hauendi tena machimboni?"

"Siendi. Keti. Siku ile nilikasirika, mwanangu. Lakini nikajiuliza, ningekuwa mimi kwenye foleni, ningesema nini? Sijui. Njaa ina ulimi wake. Vita vilitunyang'anya mbuzi, vikatunyang'anya mabati, hata mlango. Kazi ya mikono hakuna askari aliyeweza kuibeba. Hiyo tuliifuta sisi wenyewe, kwa kalamu, kwa sahani ya maharagwe. Usikane kamwe kitu unachokijua. Ukisema hujui, watu watakuamini, na watakutwika mzigo wa asiyejua."

Bintu akaupokea mwiko, akainuka kwenda kuchukua mafuta ya mawese.

"Acha mafuta," baba akasema. "Kesho mwiko huo una kazi. Leta maji tuusugue. Na sabuni, hiyo tunayo."