Usimuweke Chini

Jioni ile nilikuwa napeleka maziwa. Kibuyu kimoja cha maziwa ya mgando, begani, kutoka kwetu Kirolirwe mpaka kituo kidogo kando ya mto Oso, chini ya mashamba ya maua ya pareto. Ilikuwa 1953. Kusema kweli, maziwa yalikuwa ya kunifungulia mlango tu. Mwenye kosa haendi mikono mitupu.

Nilikwenda kumwomba Godelieve msamaha. Béata, mke wangu, alikuwa na mimba ya miezi minane, nami sikupata usingizi kwa kuogopa kwamba mtoto wetu ndiye atakayelipa.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa kapita, msimamizi wa wachumaji, katika mashamba hayo. Wanawake walichuma maua wakiwa na watoto mgongoni, nami nikakataza. Muzungu mwenye shamba hakuniagiza. Ilikuwa akili yangu mwenyewe, ya kujipendekeza. Godelieve, mmoja wao, alinisihi: "Papa Karangwa, mvua iko inakuya. Mutoto iko na kikohozi."

Nikamjibu, "Muweke chini."

Akamlaza katika nyumba ya kukaushia maua, kwenye joto na moshi. Saa sita mchana tulimkuta amekufa. Nililia? Hapana. Niliwarudisha wengine kazini. Mwezi ule ule niliacha kazi, nikarudi Kirolirwe, nisisikie tena habari zake.

Basi nilifika mtoni jua likizama. Wachumaji walikwisha kwenda kwao. Kimya... Hata vyura hawakulia. Mwanamke mmoja alisimama ukingoni na mtungi wake, kitenge kimemfunika kichwa na uso.

"Kaka," akanong'ona, "unishikiye mutoto. Niteke mayi."

Nani angekataa? Nikatua kibuyu, nikampokea. Alikuwa mwepesi mno. Na ile harufu... Pareto kavu. Moshi.

Kisha akakohoa.

Kikohozi kidogo, kikavu. Nilikijua.

"Mama..." niliita.

Mwanamke alikwishaingia majini mpaka kiunoni. Mpaka mabegani. Hakugeuka.

"Usimuweke chini," akasema.

Maji yakamfunika.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Floribert, rafiki yangu wa kituoni ambaye ningelala kwake, ndiye aliyenikuta.

"Karangwa, unabeba nini?"

"Mutoto wa Godelieve."

"Sioni mutoto, kaka." Akashusha sauti. "Na Godelieve, mayi ilimubebaka mwaka ule ule. Hapa hapa."

Akanishika mkono anivute. Ghafla akaganda.

"Nani njo anakohoa?"

Akaniachia, akarudi nyuma hatua mbili, kisha akakimbia. Mlango wake haukufunguliwa usiku ule, na sikumlaumu.

Mwezi uliofuata Béata alijifungua salama. Binti, Valérie, mzima, mwenye kelele za kutosha nyumba tatu. Nilifurahi, Mungu ananiona. Wanawake wakaniita ndani, na Béata akaninyooshea mtoto huku akicheka.

"Papa Valérie, umupokee."

Nikasimama tu.

"Umupokee," akarudia. Sasa hakucheka.

Nilitaka, jamani. Nilitaka sana. Lakini ili nimpokee huyu, ingebidi kwanza nimweke yule mwingine chini.