Figo za Ndugu Wawili

Asubuhi nyumba ile iliamka kwa mlio wa cherehani. Fundi aliketi barazani, akishona sare za shule. Sebuleni, mke wake, Msusi, alikuwa ameshaanza kichwa cha mteja wa kwanza. Katika chumba cha uani alikaa mdogo wake Fundi, mtengeneza simu. Watu walimwita Kasuku, kwa sababu kunyamaza hakukujua.

Mwaka ule Kasuku aliugua. Maumivu ya ubavu yalimshika hata akagaagaa sakafuni. Hospitali walimwambia ana kijiwe kwenye figo. Walimpa dawa na kumwambia anywe maji mengi. Kijiwe kikatoka. Tangu hapo Kasuku alitembea na chupa ya maji kwapani. Ukimwambia habari za asubuhi, alikujibu, "Umekunywa maji?"

Haukupita muda mrefu, ikawa zamu ya Fundi. Alikuwa na presha kwa miaka mingi. Siku moja alikwenda kupima, na daktari akamwambia figo zake zimeanza kuchoka. Daktari alieleza mengi, akampa na tarehe ya kurudi kumwona mtaalamu wa lishe. Lakini Fundi alisikia neno "figo", na masikio yakaziba hapo hapo.

"Amesemaje?" Msusi alimuuliza alipofika nyumbani.

"Amesema figo."

"Figo zimefanyaje, baba?"

"Zimechoka. Nipunguze kitu fulani. Chumvi, nadhani."

Kasuku alitoka chumbani mbio. "Figo? Kaka, hapo umefika kwa mwenyewe! Hili jambo nalijua. Wewe kunywa maji tu."

Akamwekea jagi zima kando ya cherehani. Likiisha, alilijaza. Mchana alimletea juisi ya machungwa. Jioni alimmenyea ndizi mbivu. "Matunda ni afya," alisema, na Fundi alikula, kwa sababu aliona upendo wa mdogo wake.

Kwa Msusi nako mambo yalikuwa hayo hayo. Kila mteja aliyekaa kitini alikuwa na lake.

"Nyama mwachishe kabisa," alisema wa kwanza.

"Mpe maharage kila siku," alisema wa pili. "Yana umbo la figo, huoni?"

Wa tatu alimletea chumvi kwenye kopo zuri. "Hii ni chumvi maalumu, ya watu wa presha. Haina madhara. Mwagia tu."

Msusi alisimama jikoni, mwiko mkononi, sufuria inachemka mbele yake. Aweke nini? Atoe nini? Aliogopa kukosea, kwa hiyo alimtii kila mtu. Nyama akaiondoa. Maharage akapika mchana na jioni. Chumvi ya kopo akaimwagia bila kipimo.

Fundi hakupata nafuu. Miguu ilianza kuvimba. Viatu vikakataa kuingia, akawa anakanyaga pedali ya cherehani pekupeku. Akilala chali, pumzi ilimpanda. Nguvu zikamwishia. Siku moja alishona shati la mtoto, mfuko akauweka mgongoni.

"Kaka, huu ni mtindo mpya?" Kasuku alicheka.

Fundi hakucheka. Alilitazama shati lile kama limeshonwa na mtu mwingine. "Sielewi," alisema taratibu. "Kila mnachoniambia nakifanya. Mbona nazidi kuisha?"

Kicheko kikamkatika Kasuku. Tarehe ya kurudi ilikuwa haijafika, lakini hawakuingoja. Walimpeleka hospitali siku ile ile.

Walimpima damu na kumlaza. Mwili wake ulikuwa umejaa maji. Madini yanayoitwa potasiamu yalikuwa yamezidi kwenye damu, na daktari alisema yakizidi sana yanaweza kusimamisha moyo. Alianza kumtibu papo hapo. Fundi alipopata ahueni, mtaalamu wa lishe alikuja kukaa nao kando ya kitanda. Alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ya upole.

"Niambieni, nyumbani mgonjwa alikuwa anakula nini?"

Msusi na Kasuku wakajibu kwa pamoja. Maji, maharage, ndizi, juisi, chumvi ya kopo.

"Ngojeni kwanza, hata mimi mnanichanganya," alisema yule mama. "Nani aliwaambia anywe maji mengi hivyo?"

Kasuku akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi niliambiwa hapa hapa hospitali. Nilikuwa na figo."

"Figo tunazo wote, mwanangu. Wewe ulikuwa na kijiwe. Figo zako zinachuja vizuri, na maji yalikusaidia kukisukuma kitoke. Za kaka yako zimechoka kuchuja. Maji na madini yakizidi, zinashindwa kuyatoa. Yanabaki mwilini."

Kasuku aliitazama miguu ya kaka yake. Machozi yakamlenga. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyetaka kumuua?"

"Sijafa," alisema Fundi kutoka kitandani. "Mwache mama aeleze."

"Kwa hiyo ndizi ni mbaya?" Msusi aliuliza. "Na maharage? Mbona ni vyakula vizuri?"

"Ni vizuri. Ila vina potasiamu nyingi, na kwa mumeo kwa sasa imezidi. Machungwa pia. Na ile chumvi ya kopo ndiyo kabisa. Wameitoa chumvi ya kawaida, wakatia potasiamu. Mtu wa figo asiiguse bila kumuuliza daktari."

"Nyama je?"

"Asiache kabisa, atadhoofika. Kipande kidogo cha nyama au samaki, au yai. Kuna wagonjwa wa figo ambao ndizi hawajakatazwa. Vipimo vya damu ndivyo vinavyotuambia nani ale nini, na vikibadilika, tutabadilisha."

Kisha akamgeukia Fundi. "Unatumia dawa yoyote ya maumivu?"

"Za mgongo. Kushona kunaumiza mgongo."

"Usizimeze tena kabla ya kumuuliza daktari. Nyingine zinaharibu figo."

Msusi alishika kichwa. "Sasa nitapika masufuria mangapi? Huyu hivi, huyu vile!"

Yule mama akacheka. "Moja tu. Chumvi kidogo inawafaa wote wawili, na wewe pia. Tia kitunguu saumu, tangawizi, ndimu. Vile vidonge vya kuungia mchuzi achana navyo, vina chumvi tele. Viazi vimenye, vikate vidogo, vichemshe kwenye maji mengi, na maji yale uyamwage, yanaondoka na potasiamu. Maji ya kunywa ndiyo yatatofautiana. Mumeo atakunywa kiasi tulichompangia."

Siku za kwanza chakula kile kilikuwa vita.

"Hiki kimepikwa, au kimeoshwa tu?" Fundi aliuliza.

"Kula, baba. Ulimi utazoea."

Na ulizoea. Uvimbe ukashuka, miguu ikarudi kwenye viatu. Presha ikatulia. Kliniki alipopimwa tena, daktari alisema, "Figo zako hazijapona na hazitakuwa mpya. Lakini hazijazidi kuharibika. Endelea hivi, na dawa usiache." Fundi alirudi akashona mpaka jioni, mifuko yote ikiwa mahali pake.

Asubuhi moja mteja alikaa kitini kwa Msusi. Kichwa kilipofika nusu, alisema, "Dada, mama yangu ameambiwa figo. Mumeo ulimlisha nini? Nikitoka hapa nikampikie."

Mikono ya Msusi ikasimama.

"Chumvi ipunguze leo hii, ile ya kawaida. Ya kopo usinunue. Mengine sikwambii."

"Unaninyima?"

"Sikunyimi, mdogo wangu. Damu ya mama yako sijaiona. Mpeleke kwa yule mtaalamu wa lishe, mwende na vipimo vyake."

Mteja alijitazama kwenye kioo. "Anakuwepo mpaka saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Basi nipe kitambaa." Alikifunga juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akasimama. "Nitarudi unimalizie," alisema, akatoka kwenda kumchukua mama yake.