Mvua Ndani ya Video

Amri ilimfikia Msumari akiwa juu ya pikipiki yake ya Yamaha, katikati ya foleni.

"Mkamate muuguzi mkuu wa zahanati," mkuu wake wa idara ya ujasusi alisema sikioni. "Chanjo yake imeua watoto. Video iko kila mahali."

"Nani kaipiga, mkuu?"

"Watu laki mbili wameshaiona."

"Sikuuliza wangapi wameiona."

Mkuu alirudia amri, akakata.

Msumari aliegesha kando kwa hasira. Muuguzi yule alikuwa dada yake, tumbo moja. Lakini hasira si ushahidi. Udugu nao si ushahidi.

Akaifungua video. Watoto wamelala sakafuni, mama analia. Akaisimamisha, akaikuza. Nje ya dirisha mvua ilikuwa ikimwagika.

Mji huu haukuwa umeona tone tangu mwezi uliopita, kabla chanjo haijaanza.

Akaitafuta picha hiyo mtandaoni, akaipata video ya asili. Ilikuwa ya zamani, ya nchi nyingine, wakati wa mafuriko. Watoto walikuwa wamelala usingizi tu, katika shule walikohifadhiwa. Aliyeirusha upya alikuwa amefungua akaunti wiki hiyo hiyo, na chini yake alitangaza "chanjo salama" pamoja na namba ya simu.

Wauza chanjo bandia.

Fundi wa mawasiliano wa idara aliifuatilia namba hiyo hadi ghala moja nyuma ya karakana. Msumari aliupiga mlango teke, bastola yake ya Glock mkononi. Wanaume wawili walikuwa wakibandika lebo kwenye vichupa vya maji ya chumvi. Mmoja alikimbilia dirishani; Msumari akamdaka ukosi, akambamiza kwenye maboksi. Mwenzake alinyoosha mikono, akalalama kwamba yeye kazi yake ilikuwa kusambaza video tu.

"Ndilo kosa lenyewe," Msumari alisema, akawatia pingu wote wawili.

Alipofika zahanati, gari la idara likiwaleta wale wawili nyuma yake, umati ulikuwa umeshavunja vioo. Dada yake alikuwa amelikinga jokofu la chanjo kwa mgongo, damu ikimchuruzika usoni. Msumari aliwasukuma wahalifu wake mbele ya watu, akamwaga vichupa vyao mezani, akawaonyesha video ya asili, tarehe yake na mahali ilipopigwa.

Mawe yakaanza kudondoka mikononi, moja moja.

Mzee mmoja alijitetea kwamba alitumiwa video hiyo na mtu anayemwamini.

"Na yeye alitumiwa na nani?"

Mzee akatoa simu yake, akaifuta video.

Msumari alimfunga dada yake jeraha, akavaa helmeti, akapita katikati ya umati. Walimpisha. Sikioni, mkuu alianza kuomba radhi.

Akazima kifaa, akawasha Yamaha.