Rimoti Mfukoni mwa Marehemu

"Marehemu hafungui milango," Mama Klara alisema, mkono kiunoni. "Anayefungua ni huyo fundi. Ana rimoti nyingine kaificha, anabonyeza akiwa huko barabarani ili aitwe tena, aje anywe chai kwa mjane."

Mzee Silvano, jirani wa upande wa pili, hakukubali. Marehemu Davis alizikwa na koti lake la harusi, akasema, na rimoti ya gereji ilikuwa mfukoni; yeye mwenyewe alishika mkono mmoja wa koti likivalishwa, na hakuna aliyekumbuka kupekua mifuko.

Katikati yao alisimama Modesta, mjane mwenyewe, kitenge cha bluu kiunoni, sweta la marehemu mabegani. Alichojua ni kwamba kila ukungu uliposhuka kutoka vilima vya Shume, mlango wa gereji ulipanda wenyewe taratibu, ukakaa wazi kama unamsubiri mtu aingize gari, kisha ukashuka.

Na ulianza baada ya kuja kwa Faustine, huyo fundi wa rimoti.

Walikutana sokoni siku ya gulio, kwenye meza yake iliyojaa rimoti za kila sura. Modesta alikuwa ameifua ya kwake ikiwa mfukoni mwa gauni, ikafa. Faustine aliifungua, akasoma namba za masafa ya mawimbi ndani yake, akapekua mpaka akapata inayolingana.

"Hii ni ndugu yake," akamwambia. "Ila mlango haujaijua. Lazima nije niwatambulishe."

"Na wewe atakutambulisha nani?" Modesta akauliza, akaona aibu, maana hakuwa amecheka tangu msiba.

Faustine alikwenda, akabonyeza kitufe cha risiva, kisanduku cha ukutani kinachopokea ishara za rimoti, kisha rimoti mpya, mlango ukaitika. Baada ya hapo zikawa simu za kila jioni: umekula nini, mbona sauti ina mafua. Mpaka maneno ya Mama Klara yalipomwingia Modesta, akaacha kupokea.

Leo alimpigia mwenyewe, majirani wote wakisikiliza.

"Una rimoti nyingine ya mlango wangu?"

Faustine akajibu, "Modesta, ningetaka kuingia kwako ningepiga hodi."

Alifika na shati jeupe lililopigwa pasi. Akamwamkia Mzee Silvano, akamwamkia na Mama Klara, aliyeitika marahaba huku akimkagua mifuko. Faustine akaikung'uta yote juu ya stuli. Dawa ipo, akaeleza: kitufe cha risiva kikishikiliwa mpaka taa izime, rimoti zote zilizowahi kutambulika zinafutika. Halafu inaingizwa ya Modesta peke yake.

"Kama ninayo nyingine, itakufa," alisema. Akashusha sauti. "Na ya Davis pia."

Modesta akamshika mkono. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba mlango ule haukumtisha. Ulipopanda, alikuwa anatenga kikombe cha pili.

"Atakuta pamefungwa," alinong'ona.

"Ndiyo. Ukisema niache, naacha, wala sitakulaumu."

Modesta aliuangalia mlango. Kisha akanyoosha mkono, akakishikilia kitufe mwenyewe mpaka taa ikazima. Faustine akaingiza rimoti moja tu, ya Modesta, akaiweka juu ya stuli.

Ukungu ukashuka, ukameza mikaratusi, ukameza barabara. Mlango ukatulia. Mama Klara alikuwa ameanza kuguna kwa ushindi pale taa ndogo ya risiva ilipowaka. Ikazima. Ikawaka tena.

Mikono ya Faustine ilikuwa mitupu, wote wakiiona. Rimoti mpya ilikuwa juu ya stuli, haikuguswa na mtu.

"Kuna mtu anabonyeza," Faustine alisema polepole. "Risiva inamsikia, ila haimtambui."

"Yuko mbali?" Mzee Silvano akauliza.

"Rimoti za aina hii hazifiki mbali. Yuko hapo nje."

Modesta alisogea, akaweka kiganja kwenye bati baridi la mlango.

"Davis," aliita kwa upole, kama anayemwamsha mtu. "Nimeshafunga, mume wangu. Nenda ukapumzike."

Taa ikawaka kwa muda mrefu. Ikazima, haikuwaka tena.

Mama Klara aliondoka bila kandambili zake, Mzee Silvano akimfuata nyuma. Faustine akaanza kukusanya vitu vyake kwenye stuli.

"Viache hapo," Modesta alimwambia. "Makande yameiva. Ingia ndani ule."