Uliniuliza Nini, Kilian?

“Nairudisha,” Eunice alisema, akalisukuma lile boksi juu ya meza.

Glorious, msichana anayepokea vifurushi vya duka moja la mtandaoni pale Mbinga mjini, alilifungua. Simu mpya, chaja, hata karatasi ya maelekezo ilikuwa imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani.

“Ina shida gani, dada?”

“Haishiki mtandao.”

“Kabisa?”

“Nyumbani kwetu Liuli, huko ziwani, kabisa. Nimepanda nayo mpaka kwenye mawe juu ya kanisa. Kinatokea kimstari kimoja, nikiiweka sikioni kimepotea. Na jirani yangu Lidia ana laini ya kampuni hiyohiyo, anaongea akiwa jikoni kwake anasonga ugali.”

“Sasa si ungeirudisha laini kwenye simu ya zamani, ukawa unawasiliana?”

“Niliikatisha iwe ndogo ili iingie humu. Kitochi changu hakiipokei tena. Leo ni siku ya kumi na moja, na ninyi mwisho wenu kumi na nne. Ndiyo maana nimepanda gari la alfajiri.”

Glorious aliandika namba ya mzigo kwenye kompyuta, akasoma.

“Aliyeagiza si wewe. Ni Kilian Ndunguru.”

“Ndiye aliyeninunulia.”

“Mume wako?”

Eunice alitazama nje, barabarani.

“Bado.”

Kilian alikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa huko Kitura. Walijuana mwaka uliopita sokoni Mbinga, Eunice alipokuwa akileta usipa, dagaa wakavu wa ziwani. Kila Jumamosi Kilian alikuja, akanunua sado moja, kile kindoo cha kupimia, akalipa, akaondoka. Miezi miwili mizima. Siku alipothubutu kumuuliza jina, nyumbani kwao walikuwa wameshachoka kula usipa. Ni mtu wa maneno machache mno. Mbele ya watu ulimi unamkauka. Lakini kwa maandishi alikuwa mtu mwingine kabisa, na Eunice alimpenda katika zile meseji kama alivyompenda alipokuwa amesimama mbele yake, kimya, ameshika sado.

Simu hii aliituma ili waonane hata kwa picha. Tangu ifike, hawakuwasiliana tena. Eunice aliazima simu ya Lidia, akapiga mara mbili. Haikupokelewa. Akaona haya kupiga ya tatu.

“Utaratibu unataka aliyeagiza athibitishe,” Glorious alisema. “Ngoja nimpigie.”

Eunice alishika ukingo wa meza.

“Haloo, kaka Kilian? Napiga kutoka kwenye vifurushi, Mbinga mjini. Kuna dada hapa anarudisha ile simu uliyomtumia… Ndiyo, Eunice… Kwa hiyo unakubali irudishwe?”

Akasikiliza. Akaishusha simu taratibu.

“Amesema sawa. Amekata.”

“Hajauliza niko wapi?”

“Hajauliza, dada.”

“Wala kwa nini nairudisha?”

Glorious alitikisa kichwa. Eunice aliuvuta mtandio wake, akageuka kuelekea mlangoni. Hakutaka kulia mbele ya mtu asiyemjua.

“Dada, subiri kidogo. Lazima nijaze kama kosa ni la simu au la laini. Nikiacha wazi, kule watakataa. Nipe hiyo laini niijaribu kwenye simu yangu.”

Alichomoa laini kwa pini, akaiweka kwenye simu yake. Haikupita dakika, simu ikaanza kulia. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

“Basi kosa ni la simu,” Glorious alisema. “Hizi ni za kwako. Za nyuma zaidi nadhani zimeshapotea, mtandao hauzihifadhi muda mrefu.”

Eunice alisoma akiwa amesimama.

“Eunice, leo siku ya tisa. Nimekuuliza kitu kimoja tu.”

“Mjomba anataka kujua kama Jumapili tunateremka huko au hatuteremki. Nimekosa la kumwambia.”

“Nimeelewa. Kimya nacho ni jibu. Nimemwambia mama aache maandalizi. Ukae kwa amani.”

Alizisoma tena kuanzia mwanzo.

“Ameniuliza nini?” akanong’ona. “Mbona swali lenyewe halipo?”

Glorious alisoma juu ya bega lake, akaweka mkono mdomoni.

“Mungu wangu. Na mimi nimempigia kumwambia unarudisha zawadi yake.”

“Mpigie tena.”

Alipiga. Simu ya Kilian iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa imezimwa.

“Nenda,” Glorious alisema. “Karatasi ya kurudisha nitakujazia mimi, njoo usaini ukishuka. Nitaandika walete inayoshika mtandao. Wewe nenda Kitura.”

Bodaboda alimpandisha milimani kwa baridi ile ya Julai, vumbi jekundu likimpaka mpaka kope. Njia nzima Eunice alijiuliza atasema nini, na kila alichokipanga kilipotea kwenye kona iliyofuata.

Mama yake Kilian, Mektilda, alikuwa uani, anageuza kahawa kwenye kichanja. Walikuwa wameonana mara moja tu, sokoni, na siku ile mama hakumaliza hata salamu. Hakutaka mkwe wa ziwani, tena Mwanglikana, wao wakiwa Wakatoliki.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Mektilda hakuacha kugeuza kahawa. “Umefuata nini? Simu si umesharudisha?”

“Nimerudisha kwa sababu ni mbovu, mama.”

“Ni mbovu simu, au ni mbovu aliyeinunua?”

“Simu. Siku kumi na moja sijapata neno lake hata moja. Leo mjini ndipo nimepata matatu, na yote ya kuniaga.”

Mikono ya Mektilda ilisimama.

“Hukupata meseji aliyokuandikia?”

“Sijui hata iliandikwa nini, mama.”

Mama akamtazama vizuri sasa, kuanzia vumbi la usoni mpaka viatu vyake vya kanisani alivyovaa kuja mjini. Kisha akapaza sauti kuelekea bandani.

“Kilian! Zima hiyo mashine!”

Kelele za mashine zikafa. Kilian alitoka akifuta mikono kwa kitambaa, kipande cha ganda la kahawa kimemganda shavuni. Alipomwona Eunice alisimama palepale.

“Nimekuja kukuuliza,” Eunice alisema. “Uliniuliza nini?”

“Niliandika.”

“Haikufika. Ile simu haishiki mtandao nyumbani. Nimekupigia mara mbili kwa simu ya Lidia.”

“Mashine ikinguruma sisikii. Jioni nikaona namba ngeni, nikapiga, akapokea mtoto, akacheka, akakata.” Akajifuta mikono tena. “Nilijua umesoma, ukanyamaza.”

“Sijasoma. Basi sema.”

“Eunice, ile meseji ilinichukua siku mbili kuiandika.”

“Mimi nimetoka Liuli na giza. Sema hata kwa ufupi.”

Kilian akamtupia mama yake jicho.

“Mimi siondoki,” Mektilda alisema. “Kahawa yangu iko juu ya kichanja.”

Kilian alikunja kitambaa mara mbili, mara nne, mpaka hakikukunjika tena.

“Niliandika kwamba mama amekubali,” alianza kwa sauti ya chini. “Kwamba nataka nije na mjomba, tulete barua ya posa kwa baba yako. Nikaandika… mimi si mtu wa kuongea, unajua. Watu hudhani sina la kusema. Wewe peke yako ulisubiri. Nikaandika kwamba nataka niamke kila siku karibu na mtu anayesubiri nimalize. Halafu nikauliza, utakubali nikuoe?”

Eunice alifuta uso kwa mtandio, vumbi na machozi vikachanganyika.

“Sasa wewe ndiye unanichelewesha,” Kilian alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

“Nakubali. Ningekubali hata sokoni, ulipokuwa unanunua usipa wasiokuwa na mlaji.”

Mektilda aliguna, akamsogezea Eunice kigoda.

“Kaa, mwanangu. Ukweli usikie kwangu. Mwanzo nilikataa mimi. Nilisema huyu atamhamisha mwanangu kanisa. Kilian hakubishana, alinyamaza wiki nzima, chakula anakigusa tu. Mtoto anayebishana namweza. Anayenyamaza simwezi.” Akapunguza sauti. “Wiki hii iliyopita amenyamaza tena, nikaogopa.”

“Mama, sijaja kumtoa mtu kanisani kwake.”

“Hilo mtaamua wenyewe na mapadre wenu. Mimi nataka kujua kama umekula.”

Alikuwa hajala. Mektilda aliingia jikoni mwenyewe kumwashia moto, nao wawili wakabaki pale uani. Kilian alichukua kitambaa kile, akatafuta pembe iliyo safi, akamfuta vumbi kwenye nyusi, polepole, bila neno. Eunice hakumhimiza.

“Jumapili hii ni mapema mno,” alisema baadaye. “Baba hapendi kushtukizwa. Nipe wiki moja nimwandae.”

“Hata mbili.”

“Moja inatosha, Kilian.”

Wiki ilipotimia, siku ya Jumapili, waliteremka Liuli, Kilian, mama yake na mjomba Raimundi. Sebule ya Mzee Elias, baba yake Eunice, ilijaa shangazi na majirani. Raimundi aliongea kwa mafumbo marefu kuhusu ng’ombe aliyeonekana ameingia katika boma hili, wazee wakacheka, Mzee Elias akasikiliza mpaka mwisho bila uso wake kuonyesha lolote.

“Nimekusikia, mgeni,” alisema. “Lakini mimi simwozi binti yangu kwa mdomo wa mjomba. Kijana mwenyewe ana sauti?”

Raimundi akaanza kumtetea, “Mzee, huyu kwa maumbile ni mkimya…”

Kilian akasimama. Akaishika mikono nyuma ya mgongo.

“Shikamoo, baba. Naitwa Kilian Ndunguru. Nampenda Eunice. Nimekuja kumwomba kwako. Sitamlazimisha kuacha kanisa lake, na sitamnyamazia tena anapohitaji kunisikia.”

Akakaa. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

Mzee Elias aliigeuza mkononi bahasha ya barua waliyomletea, akamwita Eunice aliyekuwa amejibanza kwenye pazia la chumbani.

“Binti, hawa watu unawafahamu?”

“Nawafahamu, baba.”

“Na barua yao?”

Macho yote yalimgeukia. Eunice aliangalia mkeka, kisha akainua uso kumtazama Kilian, aliyekuwa anamngoja kama alivyomngoja sokoni.

“Ifungue, baba,” alisema. “Isome kwa sauti. Nataka niisikie yote.”