Mkono wa Mawese

Nilirudi kutoka Lilongwe jua likizama, na kopo la dawa ya kuziba zege kwapani. Kabaza, mwendesha baiskeli ya abiria, alinishusha mbele ya jiko nililopanga hapa kambini Dzaleka. Jumamosi nilitaka kufungua mgahawa. Nikishindwa, nirudi kupika nje chini ya turubai, na mvua zilishaanza. Nimelowa vya kutosha, asanteni.

Tatizo lilikuwa doa.

Doa la mawese juu ya meza ya zege, lenye umbo la mkono. Vidole vyote. Wapangaji walionitangulia walilisugua, likarudi, wakahama. Mimi jana yake nilikandika magadi na sabuni ya unga juu yake, nikafunika kwa plastiki ili mafuta yanyonywe taratibu.

Papa Byamungu, mwenye jiko, alikuwa mlangoni. Haingii kamwe. Jiko lilikuwa la marehemu mke wake, Annuarite.

"Mama Cadeau," alinong'ona, "acha ile mukono. Hatukuondoa matanga yake."

Kwetu Uvira, Kongo, siku ya kuondoa matanga wanawake huosha vyombo vya marehemu kwa pamoja. Hakuna anayeosha peke yake. Annuarite alipokufa, kila mtu alikuwa na shida zake. Hakuna aliyeosha.

"Na miye nitapika wapi, papa? Kwa mvua?"

Aligeuka kuondoka.

"Basi usiguse na mukono mutupu."

Akaenda zake. Nikafunga mlango, nikafunua plastiki.

Harufu ya mawese ikanipiga usoni... mawese ya moto, yanayochemka. Na mbabula, jiko langu la makaa, ilikuwa baridi, haina hata kaa moja.

Kisha nikasikia mwiko.

Kwaru... kwaru... ndani ya sufuria tupu, nyuma yangu.

Sikugeuka. Niliogopa, sikatai. Lakini hasira ilizidi.

"Mama Annuarite," nikasema, "pole kwa kufa. Lakini hii jiko sasa iko yangu. Kama unapenda kazi, tupike. Kama hupendi, mulango ni ule."

Mwiko ukanyamaza.

Nikabandua magadi yaliyokauka kwa kiganja kitupu, makusudi. Chini yake zege lilikuwa safi! Nikaliosha, nikaliacha likauke vizuri, kisha nikapaka dawa mara mbili, nyembamba. Nilipolimwagia maji kulijaribu, yakateleza yote.

Jumamosi watu walijaa. Papa Byamungu alikula nje, kizingitini. Alionja sombe, kile kisamvu chetu, kijiko kikamponyoka.

"Nani alitia chumvi?"

"Miye."

"Hapana," alinong'ona. "Hii chumvi... ni ya Annuarite."

Nikaficha mkono wa kulia ndani ya kitenge. Tangu nibandue yale magadi, kiganja chote kina rangi ya mawese. Nimesugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa jiwe. Haitoki. Na siku nyingine, kabla sijawasha moto, kinakuwa cha moto chenyewe.

Sawa. Jiko ni langu, sihami. Kesho napika maharage, na chumvi nitatia mimi.

Kwa mkono wa kushoto.