Mbula Kwanza, Mimi Baadaye

Generosa alikuwa anakatiza stendi ya Shinyanga na kichwa cha cherehani begani, gauni lake la njano limembana kiunoni, pale kijana mmoja mwenye suruali pana ya bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli nene alipomkanyaga kidole.

"Wewe! Huoni?"

"Naona sana, dada. Ndiyo maana nimeshindwa kutazama chini."

Generosa alicheka kabla hajaamua kukasirika. Kijana aliitwa Nkwabi, Msukuma, fundi mashine katika kiwanda cha pamba Geita. Akambebea cherehani hadi nyumbani kwa Athanas, kaka yake Generosa. Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka wa sabini na sita, na Generosa alikuwa ametoka Bukoba juzijuzi. Kisukuma alikuwa hajui hata salamu.

Baada ya hapo walipendana kwa simu ya posta.

"Umekula, laazizi?" Nkwabi aliuliza.

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Basi utakonda, mpenzi."

Athanas hakumtaka Nkwabi. Alikuwa ameshamchagulia dada yake mume, mzee Mabula, mchuuzi wa ng'ombe mwenye Landrova. Mwezi wa tisa akasema, "Huyo suruali pana alete wazee wake Jumamosi. Wasipofika, siku hiyohiyo namkubalia Mabula."

Ijumaa Nkwabi akapiga simu. Waya ulikuwa unakwaruza kama sufuria inayosuguliwa.

"Genero! Wazee wamegoma kuja. Wanaogopa mbula!"

"Wanaogopa nani?"

"Mbula! Kubwa hiyo! Sasa sikiliza, mpenzi. Mbula kwanza, mimi baadaye. Wewe tulia ndani tu..."

Simu ikakatika.

Generosa alibaki ameshika mkono wa simu. Mabula kwanza, yeye baadaye? "Kwani mimi foleni ya sukari?" akasema kwa sauti, karani wa posta akageuka.

Jumamosi mchana anga la Shinyanga likawa jeusi. Watu walikuwa wameacha nguo kwenye kamba, maana mwezi wa tisa nani anangoja mvua? Mawe ya barafu yakaanza kupiga bati. Mzee Mabula alikuwa ameketi sebuleni na koti lake la sufu, linanuka dawa ya nondo. Athanas ilibidi apige kelele ndipo asikike.

"Wazee wa Nkwabi wako wapi? Hawapo. Basi!"

"Basi nini, kaka? Nkwabi ameniacha, sawa, nitamlaani mwenyewe. Lakini siolewi na huyu kwa sababu yule ni mwoga. Mzee Mabula, shikamoo yako nakupa. Mke hapa hupati."

Mabula akamgeukia Athanas. "Uliniambia binti amekubali."

Mlango ukasukumwa. Nkwabi akaingia peke yake, bugaluu zimejaa matope hadi magotini, mguu mmoja hauna kiatu. Maji yalikuwa yamekata barabara, akaliacha lori alilopanda na kutembea.

"Umefuata nini?" Generosa akamvamia. "Si ulisema Mabula kwanza?"

"Mabula gani? Nilisema mbula! Mvua! Redio ilitangaza hali ya hewa, kanda ya ziwa upepo mkali na mvua ya mawe. Nikasema itangulie, mimi nitafuata. Halafu nikashindwa kungoja."

Mzee Mabula akaguna. "Kwetu mvua ndiyo mbula, binti. Hata mimi nilipewa jina hili kwa sababu nilizaliwa inanyesha."

Generosa akafunika uso kwa viganja, anacheka na kulia.

"Chekeni," Athanas akasema. "Wazee bado hawapo. Mwanamume hajiposei mwenyewe, na mimi neno langu silirudishi."

"Usilirudishe." Generosa akamshika Nkwabi mkono, matope na yote. "Yeye hajiposei. Mimi ndiye ninayemposa. Nkwabi, utanioa?"

"Hata sasa hivi."

"Tangu lini mwanamke akaposa?" Athanas akafoka.

"Tangu leo, kaka. Sogea, mume wangu anataka kukaa."